Minyoo wa Moyo kwa Mbwa na Paka: Mwongozo Kamili wa Kinga, Upimaji na Matibabu

Ugonjwa wa minyoo wa moyo huletwa na mnyoo mwembamba mrefu aitwaye Dirofilaria immitis, ambaye hukaa ndani ya mishipa mikubwa inayopeleka damu kutoka moyoni hadi kwenye mapafu na, idadi inapokuwa kubwa, hujaa hadi ndani ya upande wa kulia wa moyo wenyewe. Jike hufikia urefu wa sentimita 25 hadi 30, dume huwa mfupi zaidi, na mbwa mmoja anaweza kubeba makumi ya minyoo hao kwa muda mrefu kabla mwenye mbwa hajaona kasoro yoyote. Mbu ndiye mwambukizaji, na bila mbu ugonjwa huu hauendi kokote.

Wafugaji wengi hupewa vidonge na kuambiwa wampe mbwa kila mwezi bila kuelezwa sababu, na kwa kuwa hawakuelezwa, huruka mwezi mmoja au miwili bila wasiwasi, hasa mbwa anapoonekana mzima. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kinga ya ugonjwa huu, na lawama si ya mfugaji. Kila hatua iliyo hapa chini inategemea kujua mnyoo yuko wapi mwilini katika siku fulani, ndiyo maana naanza na safari yake kabla ya kugusa dawa yoyote.

Safari ya mnyoo, siku kwa siku

Mnyoo jike aliyekomaa hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, wadogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, ambao huitwa mikrofilaria. Hao huzunguka na damu mwili mzima, na wanaweza kuishi humo hadi miaka miwili, lakini hawawezi kukua kuwa minyoo wazima mpaka kwanza wapite ndani ya mbu. Kwa hiyo mbwa mgonjwa akimlamba mwenzake, akila naye chombo kimoja, akimpanda au hata akimng'ata, hamwambukizi. Mbwa mwenye mimba anaweza kupitisha mikrofilaria kwa watoto walio tumboni, na damu ya kuongezewa inaweza kuwabeba, ila huko waendako hawatakua wakafika moyoni.

Mbu jike anapomnyonya mbwa mwenye mikrofilaria, huwameza pamoja na damu. Ndani ya mwili wa mbu hujivua ngozi mara mbili na kuwa lava (mnyoo mchanga) wa hatua ya tatu, ambaye ndiye mwenye uwezo wa kuambukiza. Katika joto la takribani nyuzi 27, ambalo ni la kawaida Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, kazi hiyo huchukua siku 10 hadi 14. Joto likishuka chini ya nyuzi 14 hivi, ukuaji husimama, na ndiyo maana nchi zenye baridi kali huwa na msimu wa maambukizi na msimu wa mapumziko, ilhali mwambao wetu hauna mapumziko ya namna hiyo.

Wengi hudhani kwamba mbu humdunga mbwa lava moja kwa moja ndani ya mshipa. Sivyo ilivyo. Mbu anapouma, lava hutoka kwenye mdomo wake ndani ya tone dogo la majimaji ya mwili wa mbu, tone hilo huachwa juu ya ngozi ya mbwa, kisha lava huingia mwenyewe kupitia kitundu kilichoachwa na mdomo wa mbu. Kati ya siku ya 3 na ya 12 hujivua ngozi na kuingia hatua ya nne, na hubaki chini ya ngozi na kwenye misuli. Kati ya siku ya 50 na ya 70 hujivua mara ya mwisho na kuwa mnyoo kijana, huingia kwenye damu, na walio wepesi hufika kwenye mishipa ya mapafu karibu siku ya 70. Ikitimia miezi 6 au 7 tangu siku ya kuumwa, majike huanza kuzaa, na mzunguko huanza upya. Wakubwa huishi miaka 5 hadi 7 ndani ya mbwa, na miaka 2 hadi 4 ndani ya paka.

Sasa dawa. Dawa za kinga zinazotolewa kila mwezi huua lava wa hatua ya tatu na wa hatua ya nne. Akishajivua mara ya mwisho na kuwa kijana, dawa hizo hazimwezi kwa uhakika. Maana yake ni kwamba kidonge unachompa mbwa leo hakimlindi na mbu wa kesho. Kazi yake ni kuwaua lava walioingia katika siku 30 hivi zilizopita, kabla hawajafikia umri wa kuishinda dawa. Ukichelewa siku chache, bado umo ndani ya muda. Ukiacha miezi miwili au mitatu, umewafungulia njia ya kwenda moyoni, na kidonge utakachorudi nacho baadaye hakitawarudisha.

Hatua ya kwanza: fahamu minyoo waliopo unapoishi

Minyoo wa moyo wamejikita sana katika majimbo ya kusini mwa Marekani, hasa kandokando ya Ghuba ya Meksiko na mto Mississippi, na pia katika bonde la mto Po kaskazini mwa Italia. Msomaji wa Kiswahili anayefuga mbwa Houston au New Orleans hana budi kuichukulia kinga kama jambo la lazima. Barani Afrika mnyoo huyu ameripotiwa katika nchi kadhaa, wakiwamo majirani zetu wa Msumbiji.

Afrika Mashariki kuna jambo la ziada ambalo daktari na mfugaji wote wanapaswa kulikumbuka. Mbwa wetu hubeba jamaa wengine wa mnyoo huyu ambao pia huzaa mikrofilaria wanaoonekana kwenye damu. Dirofilaria repens, ambaye huenezwa na mbu vilevile, hukaa chini ya ngozi na kwa kawaida hana madhara makubwa. Acanthocheilonema reconditum huenezwa na viroboto na chawa, wala hadhuru moyo. Na katika kisiwa cha Pate, Lamu, wataalamu walimwelezea kwa mara ya kwanza mwaka 1958 mnyoo wa aina nyingine anayewapata mbwa na paka, ambaye leo huitwa Brugia patei kutokana na kisiwa hicho. Basi kuona vijinyoo kwenye damu ya mbwa wa pwani hakutoshi kusema kwamba mbwa huyo ana minyoo wa moyo, na si haki kumwanzishia tiba nzito ya moyo kwa ushahidi huo peke yake.

Hatua ya pili: pima kabla ya kuanza kinga

Mbwa aliyetimiza miezi 7 au zaidi apimwe kwanza. Mtoto wa mbwa aliye chini ya umri huo anaweza kuanzishiwa kinga bila kipimo, tangu akiwa na wiki 8, kwa kuwa hata kama aliumwa na mbu siku ya kuzaliwa, hakuna kipimo ambacho kingemwonyesha mnyoo. Yeye atapimwa miezi 6 baada ya dozi ya kwanza, kisha kila mwaka.

Kipimo cha msingi ni cha antijeni, ambacho hutumia matone machache ya damu na kutoa jibu ndani ya dakika chache. Kinachotafutwa ni protini inayotolewa na minyoo majike waliokomaa. Hivyo mbwa mwenye madume peke yao, au mwenye minyoo ambao bado ni wachanga, ataonekana hana kitu. Jibu la leo linazungumzia mbu wa miezi 6 iliyopita na kurudi nyuma, na halisemi lolote kuhusu mbu wa mwezi uliopita.

Kipimo cha pili ni kutafuta mikrofilaria kwa hadubini, na viwili hivi vifanywe pamoja. Njia ya haraka ni kuweka tone la damu mbichi kwenye kioo na kulitazama papo hapo. Mikrofilaria wa mnyoo wa moyo hujikunja na kujinyoosha palepale alipo, akizisukuma chembe za damu huku na huku bila kwenda mbali, ilhali yule wa Acanthocheilonema huteleza akavuka sehemu yote inayoonekana na kutoweka. Tofauti hiyo humpa mpimaji dokezo la kwanza tu. Njia ya uhakika zaidi ni kuchanganya mililita 1 ya damu na formalini hafifu, kuizungusha kwenye mashine, kisha kuitia rangi masimbi yaliyobaki chini na kupima urefu na umbo la vijinyoo. Iwapo antijeni haipo lakini mikrofilaria wapo, mwombe daktari atafute kwanza jamaa wale wengine kabla ya kutamka jina la minyoo wa moyo.

Hatua ya tatu: chagua dawa ya kinga na uitoe kwa uzito sahihi

Zipo dawa za aina nne zinazotumika sana, na zote ni za ukoo mmoja: ivamektini na milbemisini za kumeza, selamektini ya kudondoshea kwenye ngozi ya shingo, na moksidektini ambayo hupatikana kama ya kudondoshea au kama sindano ya muda mrefu inayotolewa na daktari kila baada ya miezi 6 au 12. Kwa mfugaji anayejua kwamba atasahau, sindano ndiyo chaguo bora pale inapopatikana. Kwa anayetumia vidonge, achague tarehe moja ya mwezi asiyoweza kuisahau, kama vile tarehe ya kulipa kodi ya nyumba, na aandike kila dozi kwenye daftari. Mbwa apimwe uzito upya kila anapokua, kwa sababu pakiti ya dawa hupangwa kwa uzito.

Hapa sina budi kusema kwa ukali kidogo. Katika maduka mengi ya dawa za mifugo, ivamektini iliyopo ni ya sindano kwa ng'ombe na mbuzi, yenye nguvu ya asilimia 1, na wapo wanaowapa mbwa kwa kukadiria kwa macho. Hebu tufanye hesabu. Kinga ya minyoo wa moyo huhitaji maikrogramu 6 tu kwa kila kilo ya mbwa. Mbwa wa kilo 20 anahitaji maikrogramu 120. Mililita 1 ya dawa ya ng'ombe ina maikrogramu 10,000, kwa hiyo dozi ya mbwa huyo ni mililita 0.012, kiasi ambacho bomba la kawaida la sindano haliwezi kukipima. Anayempa "kidogo tu", mathalani mililita 1, amempa zaidi ya mara 80 ya kinachotakiwa. Mbwa wengi wa kienyeji hustahimili kuliko tunavyotarajia, na hapo ndipo mazoea mabaya yanapozaliwa. Lakini mbwa wa jamii ya Collie na wachungaji wengine wa kondoo, pamoja na baadhi ya German Shepherd na machotara wao, wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hii kupenya hadi kwenye ubongo. Mbwa kama huyo huanza kuyumbayumba, mboni hutanuka, mate hutiririka, hutetemeka, na anaweza kuzimia na kufa. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, katika kipimo chake cha kinga, ni salama hata kwa Collie.

Onyo jingine linawahusu wakazi wa pwani ambako vidonge vya kuzuia matende na mabusha hugawiwa kwa watu. Asipewe mbwa vidonge hivyo. Diethilkabamazini, iliyomo katika mgao wa Kenya, ikitolewa kwa mbwa mwenye mikrofilaria wa moyo inaweza kumwangusha kwa mshtuko mkali.

Ukikosa dozi, mpe mbwa mara unapokumbuka, usimpe mbili kufidia, mjulishe daktari wako muda uliopita, na umpime miezi 6 au 7 baadaye. Kupima wiki inayofuata hakusaidii, kwa sababu mnyoo aliyeponyoka katika pengo hilo bado hajakomaa.

Hatua ya nne: punguza mbu nyumbani

Mbu wa jamii nyingi wanaweza kumbeba mnyoo huyu, wakiwamo Culex wanaouma usiku na Aedes wanaouma mchana, kwa hiyo kumfungia mbwa ndani jioni kunasaidia nusu tu. Mbu aina ya Culex quinquefasciatus, ambaye pia hueneza matende mijini kwetu, huzaliana kwenye maji machafu ya makaro na vyoo vya shimo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Makunduchi, Unguja, vyoo vya shimo vyenye maji vilimwagiwa chembe nyepesi za polistirini zinazoelea, zikafunika uso wa maji na kuwanyima viluwiluwi hewa, na idadi ya mbu ikashuka sana. Mfugaji anaweza kuanza na yaliyo karibu zaidi: funika karo na weka wavu kwenye bomba la hewa, toboa au ondoa matairi na vifuu, na badilisha maji ya mbwa kila siku ukisugua chombo, kwa kuwa mayai ya Aedes hugandamana kwenye kingo. Banda la mbwa liwekewe wavu mlangoni na dirishani.

Dawa za kudondoshea zenye permethrini hufukuza mbu na kupe kwa mbwa, lakini ni sumu kali kwa paka. Nyumba yenye wanyama hao wawili wanaolala pamoja itafute dawa nyingine.

Hatua ya tano: tambua dalili, lakini usizisubiri

Mwanzoni hakuna dalili. Baadaye huja kikohozi kikavu kisichoisha, kisha mbwa aliyekuwa akikimbia huanza kukaa chini njiani. Hukonda, hupumua kwa shida, huzimia baada ya kuchangamka, na hatimaye tumbo hujaa maji kwa sababu upande wa kulia wa moyo umeshindwa. Mbwa akilegea ghafla, fizi zikiwa nyeupe na mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa, minyoo wameziba njia ya damu kuingia moyoni, na pasipo upasuaji wa kuwatoa kupitia mshipa wa shingo huwa hana siku nyingi za kuishi. Huyo apelekwe hospitali ya wanyama saa hiyohiyo.

Hatua ya sita: matibabu ya mbwa aliyethibitika kuwa mgonjwa

Siku ya kwanza ya matibabu huanza kwa mapumziko. Mbwa afungwe kamba au awekwe kizimbani, asikimbie, asicheze na watoto, asipewe kazi ya ulinzi wa usiku. Damu inapokwenda kasi, mishipa ya mapafu iliyokwisha kuvimba huumia zaidi, na minyoo waliokufa husukumwa kwa nguvu kuelekea ndani ya mapafu. Sharti hili ndilo gumu kuliko yote kwa mfugaji, na ndilo linalovunjwa mara nyingi.

Kisha hutolewa doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo mara mbili kwa siku, kwa wiki 4. Dawa hii humlenga bakteria aitwaye Wolbachia, ambaye huishi ndani ya mnyoo na ambaye mnyoo humtegemea. Bakteria akipungua, mnyoo hudhoofika, na madhara ya kifo chake mwilini mwa mbwa huwa madogo. Wakati huohuo dawa ya kinga ya kila mwezi huanzishwa ili kusiwe na wapya wanaoingia. Dozi ya kwanza kwa mbwa mwenye mikrofilaria wengi itolewe mbele ya daktari, kwani wakifa kwa pamoja wanaweza kuleta mshtuko.

Dawa inayoua wakubwa ni melasomini, yenye asili ya aseniki, inayodungwa ndani kabisa ya misuli ya mgongo sehemu ya kiunoni. Utaratibu unaopendekezwa na Chama cha Minyoo wa Moyo cha Marekani ni sindano moja siku ya 60, ya pili siku ya 90 na ya tatu siku ya 91. Kungoja miezi miwili kuna sababu inayotokana na safari ile tuliyoieleza: melasomini haiwapati vizuri minyoo vijana, na kinga haiwapati tena, hivyo muda huo huwapa nafasi ya kukua hadi umri ambao dawa inawaweza. Siku 7 hadi 10 baada ya kila sindano ni za kuangalia kwa makini homa, kikohozi chenye damu na kukosa hamu ya kula, na mapumziko yaendelee wiki 6 hadi 8 baada ya sindano ya mwisho. Kipimo cha antijeni hurudiwa miezi 9 baada ya sindano hiyo.

Pale ambapo melasomini haipatikani, na katika sehemu nyingi za ukanda wetu ni vigumu kuipata, daktari anaweza kutumia doksisaiklini pamoja na moksidektini ya kudondoshea kila mwezi. Njia hiyo huwaua wakubwa polepole, kwa miezi mingi, na muda wote huo mapafu yanaendelea kuharibika na mapumziko yanaendelea kuhitajika. Ni njia ya dharura inayokubalika, isichukuliwe kama njia ya mkato ya kukwepa gharama pale dawa kamili ipo.

Paka

Paka si makazi ya asili ya mnyoo huyu, na kwa kawaida hubeba mnyoo mmoja hadi watatu. Uchache huo haumwokoi. Lava wengi hufa mara wanapofika kwenye mapafu, na vifo hivyo huleta uvimbe wenye dalili zinazofanana na pumu: kikohozi, kupumua kwa kuhema na kutapika kusikohusiana na chakula. Wapo paka wanaokufa ghafla bila kuonyesha dalili yoyote. Kipimo cha antijeni mara nyingi humkosa paka kwa kuwa minyoo ni wachache, kwa hiyo daktari huongeza kipimo cha kingamwili, picha ya eksirei na ya mawimbi ya sauti. Melasomini haifai kwa paka, kwani inaweza kumuua. Kinachobaki ni kumtuliza kwa prednisoloni na kuusubiri mnyoo ufike mwisho wa umri wake, jambo linaloifanya kinga ya kila mwezi kuwa na thamani kubwa zaidi kwa paka, hata wale wasiotoka nje.

Binadamu

Mtu hawezi kuambukizwa na mbwa wake, ila anaweza kuumwa na mbu mwenye lava. Mara nyingi lava hufa. Kwa nadra mnyoo hufikia pafu na kufia humo, akaacha doa la mviringo ambalo kwenye eksirei hudhaniwa kuwa saratani. Mtu huyo hana mikrofilaria kwenye damu na hamwambukizi mwingine.

Hatua ya saba: unaposafiri na mnyama au kumpokea kutoka mbali

Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, mbwa wengi waliookolewa New Orleans walipelekwa kwenye majimbo mengine ya Marekani, na wengi wao walikuwa tayari na minyoo wa moyo. Mbwa anayesafirishwa apimwe antijeni na mikrofilaria kabla ya kuondoka, na akikutwa na mikrofilaria atibiwe kwanza au angalau aanzishiwe dawa ya kuwaua, ili asiwe chakula cha mbu wa huko aendako. Anayempokea mbwa aombe cheti cha kipimo chenye tarehe, aendeleze kinga bila pengo kuanzia siku ya kufika, na ampime tena miezi 6 baadaye, kwa kuwa kipimo cha uwanja wa ndege hakiwaoni minyoo walioingia mwilini katika miezi ya mwisho kabla ya safari.